Tireti: historia ndogo ya kitu tunachotupa haraka

Leo tuache kidogo historia ya wafalme na marais. Tuongee juu ya tireti, ile ambayo vitabu vinaita zipu. Suruali yako moja ya heshima ikikataa kujifunga asubuhi ya kutetea memwari, na ungali na mto wa kuvuka, utajua kama ni jambo kubwa ao ndogo.

Wengi wanafikiri tireti ilitoka katika kichwa cha mtu mmoja. Hapana. Mwaka 1851 Elias Howe wa Marekani, yule wa mashini ya kushona, alipata hati ya uvumbuzi wa kifungio cha nguo, lakini hakukiuza. Mwaka 1893 Whitcomb Judson akaleta chake, cha viatu, akakionyesha kwenye maonyesho ya Chicago. Kilikuwa kinafunguka ovyo. Ndipo Gideon Sundback, injinia mzaliwa wa Sweden, akakirekebisha mwaka 1913: meno madogo yanayofanana, kila moja na kinundu upande mmoja na shimo upande wa pili. Jina zipper likaja mwaka 1923, kampuni ya Goodrich ilipokiweka kwenye viatu vya mpira. Hesabu: kutoka Howe hadi Sundback ni miaka 62. Kumbe tireti yenyewe ni mtoto wa kurekebisha.

Na huku kwetu? Vitu vya kiwanda vilipanda mto kwa meli hadi Stanleyville. Upande wetu wa kushoto ndipo reli ilianzia, kilometa 125 hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, iliyomalizika 1906. Vitu vilifika vikiwa tayari. Maarifa ya namna vinavyofanya kazi hayakufika navyo. Tena shule ya Wabelgiji iligawa watu: mvulana alifundishwa kuwa karani, msichana na mama wakafundishwa sindano, hata katika zile foyers sociaux za mijini. Kutoka hapo tukarithi wazo kwamba mwenye diploma hashiki sindano.

Vita ikatuonyesha vingine. Kuanzia 1998 njia ya mto kwenda Kinshasa ilikatika, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya mji wetu. Mafuta yalipokosekana, baiskeli za toleka zilibeba watu na mizigo. Wakati ule kutengeneza kitu cha zamani kulikuwa ndiyo njia ya kuishi, msomi na asiyesoma sawasawa.

Sasa turudi kwenye suruali. Tireti ikifunguka nyuma ya kichwa chake, mara nyingi meno ni mazima. Kilichochoka ni kile kichwa kinachopanda na kushuka: mdomo wake umepanuka, haukazi tena meno. Kishushe mpaka chini, ukibane kidogo kwa pensi upande wa nyuma, kushoto kisha kulia, polepole, kwa sababu ukizidisha kitakwama ao kitapasuka. Kikiwa kigumu, paka meno mshumaa, sabuni kavu ao risasi ya kalamu. Meno ya chini yakitoka, shona uzi mara nyingi mahali pamoja juu ya yale mabovu, uwe kizuizi kipya. Mkia ukikatika, kipande cha waya kinatosha. Lakini meno ya katikati yakikosekana, mpelekee fundi wa kushona abadilishe yote.

Ndugu, Sundback alikuwa injinia mwenye masomo, na alitumia miaka kuangalia meno madogo ya chuma. Hakuona haya. Sisi tunatupa suruali nzima juu ya kipande kimoja kidogo kilichopanuka, kisha tunasema nchi haina viwanda. Kiwanda kinaanza na mtu anayefungua kitu na kuuliza: juu ya nini kimekataa?

Nyumbani kwenu, nani alikuwa anatengeneza vitu, na alijifunza wapi? Tuandikieni, hiyo nayo ni historia.