Gari Kuwa Rehani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Karte Rozi

Sisi tuko Kapata, kambi ya zamani ya watumishi wa Gécamines karibu na Kolwezi. Mara nyingi watu wanakuja ofisini kwetu na swali hili: "Mchungaji, kuna mtu atanipa pesa nikimwachia karte rozi ya gari yangu. Nikubali?" Tunaandika jibu letu hapa ili lisomwe katika jamaa na katika kamati za makanisa, maana swali hili haliko Lualaba tu.

Rehani ya gari ni nini

Rehani ni mali ambayo mkopaji anaitoa ili mkopeshaji awe na uhakika wa kulipwa. Katika rehani ya gari kuna njia mbili. Ya kwanza, gari yenyewe inakaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Ya pili, mwenye gari anaendelea kuitumia, lakini karte rozi, yaani karatasi inayoonyesha gari imeandikwa kwa jina la nani, inabaki kwa mkopeshaji. Njia ya pili inapendwa sana kwa sababu taksi inaendelea kufanya kazi.

Jambo hili liko katika nchi nyingi. Kenya watu wanakopa kwa logibuku ya gari, na mwaka 2017 nchi ile ilitunga sheria ya kuandikisha rehani za mali inayohamishika. Marekani, ofisi ya serikali inayolinda wateja wa huduma za fedha ilichunguza mikopo ya namna hii ikatoa habari mwaka 2016: katika kila wakopaji watano, mmoja alinyang'anywa gari yake.

Namna inavyofanyika kwetu

Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Tangu wakati ule jamaa nyingi za kambi zinaishi kwa kazi ya kujitafutia: duka dogo, shamba, kuchimba, moto, taksi. Kazi hizi zinafuata hali ya migodi. Serikali iliposimamisha kupeleka cobalt nje ya nchi mwezi wa pili mwaka 2025, wenye taksi nao waliguswa, maana mchimbaji asiye na pesa anatembea kwa miguu.

Shida ikiingia wakati kama huo, ugonjwa, matanga au pesa ya shule, watu wanakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Kwetu Kongo anaitwa "Banque Lambert". Msidanganywe na jina: si benki. Ni mtu binafsi anayekopesha kwa faida kubwa, bila ruhusa ya Banque Centrale. Anatoa pesa siku ile ile, wala haulizi maswali mengi. Anataka karte rozi na sahihi.

Na sahihi hiyo ndiyo inayotufanya tuandike. Papa mmoja wa kanisa letu alikuwa na taksi yake, akibeba watu kati ya Kapata na mji. Mtoto wake alihitaji kupasuliwa, akakopa dola 1,000. Alituita tuwe shahidi. Tulikuta karatasi ya Kifaransa imekwisha kuandikwa, mkopeshaji ana haraka, mama wa mtoto analia. Tulitia sahihi. Miezi minne baadaye gari ilichukuliwa. Tulipokwenda kumwombea huruma, mkopeshaji alitoa karatasi ile akatuonyesha kichwa chake: "Acte de vente." Haikuwa karatasi ya mkopo, ilikuwa karatasi ya kuuza gari, na chini yake jina letu. Leo papa yule anaendesha taksi ya mtu mwingine na kila jioni anapeleka pesa kwa mwenyewe. Mkopeshaji naye ni Mkristo, anaimba katika kwaya ya kanisa lake.

Tumemwomba papa msamaha, naye ametusamehe. Lakini gari haikurudi.

Hesabu

Tufanye mfano. Umekopa dola 1,000 kwa faida ya 30 kwa mia kila mwezi. Ukilipa faida tu, dola 300 kila mwezi, baada ya miezi mitatu umetoa dola 900, na bado unadaiwa 1,000 zile zile. Usipolipa kitu, na faida ikaongezwa juu ya deni, mwezi wa kwanza unadaiwa 1,300, wa pili 1,690, wa tatu 2,197. Kwa miezi mitatu deni limepita mara mbili. Kama gari ina thamani ya dola 4,000, mkopeshaji hana hasara usipolipa. Anapata faida kubwa kuliko ukilipa. Hapo ndipo hatari ilipo: aliyekukopesha hana sababu ya kutamani ufaulu.

Sheria inasema nini

Tangu mwezi wa tisa mwaka 2012 nchi yetu inafuata sheria za OHADA. Kwa sheria hizo, rehani ya mali inayohamishika lazima iandikwe, karatasi itaje deni na mali yenyewe. Gari inaweza kubaki mkononi mwa mkopaji, na rehani ikaandikwa katika daftari la biashara linaloitwa RCCM ili watu wengine waijue.

Mkopaji asipolipa, mkopeshaji haruhusiwi kuja usiku kuchukua funguo. Njia ya kawaida inapita kwa tribinali: gari inauzwa kwa kufuata sheria, au tribinali inampa mkopeshaji gari baada ya thamani yake kupimwa. Hata pale mapatano yanaporuhusiwa kwamba gari ipite kwa mkopeshaji, kama vile mkopaji anapokuwa mtu wa biashara, lazima mtaalamu apime thamani. Ikizidi deni, kinachozidi ni cha mkopaji. Tena, sheria ya makosa ya jinai ya Kongo inaadhibu mtu anayetumia vibaya shida au kutojua kwa mwenzake ili kudai faida kupita kiasi.

Karatasi ya kuuza inafunga milango hii yote. Ukisema mbele ya tribinali kwamba ulikopa tu, utaulizwa kwa nini uliandika kwamba uliuza.

Neno la Mungu

Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu anayelichukua anachukua uhai wa mtu. Katika Israeli nyumba isiyo na jiwe hilo haikuwa na unga jioni. Kwa jamaa inayokula kwa taksi, gari ndiyo jiwe la kusagia. Gari ya matembezi ni jambo lingine.

Sura ile ile, mistari ya 10 hadi 13, inamwamuru mkopeshaji asimame nje, asiingie nyumbani kuchagua rehani, na vazi la maskini alirudishe kabla ya jua kuchwa. Maandiko hayakatazi rehani zote. Yanaweka mpaka: deni lisivunje heshima ya mtu wala lisimnyime chakula.

Tusome pia Nehemia 5. Wayahudi waliweka mashamba na nyumba rehani wapate nafaka, na wakopeshaji walikuwa ndugu zao. Nehemia alipowakemea hakujitoa: katika mstari wa 10 anakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wanakopesha. Nasi tunajihesabu humo, kwa sahihi yetu.

Kabla ya kutia sahihi

1. Jiulizeni, mume na mke pamoja: gari ikiondoka, tutakula nini? Kama hakuna jibu, msiitoe.
2. Tafuteni kwanza njia nyingine: likelemba, kikundi cha AVEC, jamaa, kanisa. Ombeni hospitali au shule kulipa kidogo kidogo.
3. Ikibidi kukopa, nendeni kwenye benki, koperative au shirika la mikopo midogo lenye ruhusa ya Banque Centrale. Ulizeni: faida ni ngapi kwa mwezi, na jumla nitakayolipa ni ngapi?
4. Someni kichwa cha karatasi. Kikiwa "Acte de vente", msitie sahihi, hata mkiambiwa ni desturi tu.
5. Karatasi iwe na kiasi cha deni, faida, tarehe za kulipa na thamani ya gari. Msitie sahihi penye nafasi tupu. Ondokeni na nakala yenu.
6. Msiyejua Kifaransa, mwiteni mtu wenu awasomee, si mtu wa mkopeshaji.
7. Kila malipo yawe na risiti.

Kama deni limekwisha kukufunga

Usijifiche. Kusanya risiti na ujumbe wa simu, uandike ulichopokea na ulichorudisha. Nenda kwa mkopeshaji pamoja na wazee wawili, mwombe tarehe mpya kwa maandishi. Akikataa, tafuta avoka. Chama cha mawakili kina ofisi ya kuwashauri wasio na uwezo bila malipo. Pengine ni afadhali kuuza gari wewe mwenyewe kwa bei nzuri, kulipa deni na kubaki na kitu, kuliko kungoja inyang'anywe.

Kazi ya makanisa yetu

Wachungaji na wazee, tusiwe shahidi wa karatasi ambayo hatukuisoma. Kila kanisa liwe na mtu mmoja au wawili wanaojua kusoma mapatano, na washirika wajue kwamba wanaweza kumwamsha hata usiku. Mfuko wa mashemasi uwe na sehemu ya ugonjwa wa ghafula, ya kukopesha bila faida. Papa yule alihitaji dola 1,000. Kanisa letu lina nyumba nyingi. Tungekusanya kidogo kwa kila nyumba. Hakutuomba kwa sababu hatukuwa tumemwonyesha kwamba anaweza kuomba.

Na ninyi mnaokopesha na mnaketi nasi mezani pa Bwana: kama mna karte rozi ya ndugu ndani ya sanduku, na gari ile ndiyo inayolisha watoto wake, mrudishieni. Mpangeni naye namna ya kulipa. Watu wa wakati wa Nehemia walirudisha, na mkutano wote ukasema Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.