Fahamu mwendo wa chembechembe katika yabisi, vimiminika na gesi

HARUFU ya udi uliofukizwa chumbani haichukui muda mrefu kufika sebuleni, hata kama madirisha yamefungwa na hakuna upepo. Muuza vitumbua naye hana haja ya kupiga mbiu. Jirani wa nyumba ya tatu hujua mapema kuwa vimeanza kuiva. Mambo haya ya kila siku ni mwanzo mzuri wa mada mojawapo ya msingi katika somo la sayansi, yaani mwendo wa chembechembe zinazounda maada.

Mada hii hufundishwa katika shule ya msingi na kurudiwa sekondari katika masomo ya fizikia na kemia. Pamoja na hayo, ni miongoni mwa mada ambazo wanafunzi wengi huzikariri bila kuzielewa. Mwanafunzi anaweza kuandika vizuri katika mtihani kuwa maada ina hali tatu, lakini akiulizwa maji ya nguo iliyoanikwa yamekwenda wapi, hujibu kuwa yamekauka, kana kwamba yametoweka duniani.

Makala haya yanaeleza kanuni yenyewe, historia yake, makosa yanayojitokeza mara kwa mara darasani na njia rahisi ambazo mwalimu au mzazi anaweza kuzitumia. Yanaeleza pia kwa nini suala hili linamhusu hata mtu aliyeachana na madaftari miaka mingi iliyopita, hasa wakati huu ambapo mitungi ya gesi inaingia katika nyumba nyingi.

Kanuni yenyewe

Kila kitu tunachokigusa, kukinywa au kukivuta puani kimeundwa kwa chembechembe ndogo mno, ambazo huitwa atomu au, zinapoungana, molekuli. Udogo wake ni wa kustaajabisha: tone moja tu la maji lina molekuli zaidi ya bilioni mara bilioni. Jambo la kukumbuka ni kuwa chembechembe hizo hazitulii. Kadiri kitu kinavyopata joto, ndivyo zinavyokwenda kwa nguvu zaidi.

Katika yabisi, kama vile jiwe, chuma au barafu, chembechembe zimekaribiana na kushikamana kwa nguvu. Haziwezi kuhama mahali pake, bali hutikisika papo hapo. Ndiyo maana yabisi ina umbo lake yenyewe.

Katika kimiminika, chembechembe bado zimekaribiana sana, lakini zina nguvu ya kutosha kupishana na kuteleza moja juu ya nyingine. Kwa sababu hiyo maji hufuata umbo la chombo, yawe katika kata, ndoo au sufuria, ingawa ujazo wake haubadiliki.

Katika gesi, chembechembe zimeachana mbali na huenda huku na huko kwa kasi kubwa, zikigongana zenyewe na kuzigonga kuta za chombo. Mapigo hayo yasiyokoma ukutani ndiyo yanayoleta mgandamizo wa gesi. Gesi haina umbo wala ujazo wake. Hujaza nafasi yote inayoipata.

Katika joto la kawaida la chumba, molekuli za hewa huenda kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde. Msomaji anaweza kuuliza: kama ni hivyo, mbona harufu ya udi haifiki sebuleni papo hapo? Jibu ni kuwa molekuli moja haiendi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine na kubadili mwelekeo. Safari yake ni ya kusukumwa huku na kule, kama mtu anayejaribu kuvuka soko la Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Kwa hakika, mtawanyiko peke yake ni wa polepole. Ndani ya nyumba harufu husaidiwa pia na mikondo midogo ya hewa ambayo hatuihisi.

Ilivyothibitishwa

Wazo la kuwa vitu vimeundwa kwa vipande vidogo visivyoonekana ni la kale, na lilikuwapo kwa Wagiriki zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Hata hivyo, kwa karne nyingi lilibaki kuwa hoja ya wanafalsafa.

Mwaka 1827, mtaalamu wa mimea Robert Brown wa Uingereza alitazama kwa hadubini vipande vidogo vilivyotoka katika chavua vikielea majini. Aliviona vikitikisika na kutangatanga bila kukoma. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa huenda ni dalili ya uhai, lakini alipojaribu kwa vumbi la vitu visivyo na uhai, yakiwamo mawe, aliona mtikisiko uleule.

Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1905, Albert Einstein alipoonyesha kwa hesabu kuwa vipande hivyo husukumwa na molekuli za maji zinazovigonga kutoka kila upande. Mfaransa Jean Perrin alizipima hesabu hizo kwa majaribio na kuzithibitisha, na mwaka 1926 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hivyo, jambo tunalomwambia mtoto wa darasani kwa sentensi moja lilibishaniwa na wanazuoni hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Makosa yanayojirudia

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Shimshon Novick na Joseph Nussbaum wa Israel waliwauliza wanafunzi hewa iliyobaki ndani ya chupa ingeonekanaje baada ya sehemu yake kunyonywa kwa pampu. Wapo walioichora kama kitu kimoja kilichoenea bila nafasi ndani yake, na wapo waliokubali kuwapo kwa chembechembe lakini wakashindwa kukubali kuwa katikati yake hamna kitu.

Makosa ya aina hiyo hukutwa katika nchi nyingi. Lipo la kudhani kuwa katikati ya chembechembe kuna hewa, ilhali hewa yenyewe ni chembechembe. Lipo la kudhani kuwa chuma kikipashwa moto chembechembe zake hunenepa, ilhali zinazoongezeka ni nafasi baina yake. Lipo pia la kudhani kuwa mapovu makubwa ya maji yanayotokota ni hewa, ilhali ni maji yenyewe yaliyogeuka mvuke.

Kosa jingine hutokana na michoro ya vitabuni. Mara nyingi chembechembe za kimiminika huchorwa zikiwa zimeachana, kana kwamba kimiminika kiko katikati ya yabisi na gesi. Sivyo. Chembechembe za kimiminika zinakaribiana kiasi cha karibu sawa na za yabisi. Kwa maji ni kinyume kabisa na mazoea: yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ndiyo sababu barafu huelea na chupa iliyojazwa pomoni hupasuka ndani ya friza. Maji yanapochemka na kuwa mvuke kwa nyuzi joto 100, hutanuka zaidi ya mara 1,600.

Mtego wa lugha

Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anapaswa kuwa makini na maneno ambayo wanafunzi wamekuja nayo kutoka nyumbani. Neno "kuyeyuka" ni mfano mzuri. Tunasema samli imeyeyuka juani, na tunasema sukari imeyeyuka katika chai. Mambo haya ni mawili tofauti. Samli imebadili hali kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. Sukari haikubadili hali kwa joto. Chembechembe zake zimeachana na kusambaa katikati ya chembechembe za maji.

Vivyo hivyo "kuganda". Maji huganda na kuwa barafu kwa kupoteza joto, lakini maziwa huganda na kuwa mtindi kwa kazi ya bakteria. Nalo wingu jeupe juu ya birika, ambalo wengi huliita moshi au mvuke, si gesi bali ni matone madogo sana ya maji. Mvuke halisi hauonekani. Uko katika nafasi ile ndogo iliyo wazi kati ya mdomo wa birika na wingu hilo.

Kwa Tanzania, tatizo hupata uzito zaidi mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma aliyefundishwa kwa Kiswahili anapoingia sekondari na kukuta mada ileile kwa Kiingereza. Aliyekariri maneno hulazimika kukariri upya. Aliyeelewa jambo lenyewe hubadilisha majina tu.

Majaribio yasiyo na gharama

Ukosefu wa maabara si sababu ya kuiacha mada hii ibaki ubaoni. Vifaa vifuatavyo hupatikana kwa urahisi.

Bomba la sindano lisilo na sindano: Mwanafunzi avute hewa, azibe mdomo wa bomba kwa kidole, kisha asukume. Hewa itabonyea. Arudie akiwa amejaza maji, hayatabonyea. Tofauti hiyo ni ushahidi wa nafasi kubwa iliyopo katikati ya chembechembe za gesi.

Maharage na mchele: Changanya kikombe kimoja cha maharage na kikombe kimoja cha mchele, kisha pima. Hupati vikombe viwili kamili, kwa kuwa mchele umeingia katika nafasi za maharage. Ni mfano wa kuonyesha kuwa kati ya chembechembe kuna nafasi.

Rangi ya chakula: Dondosha tone moja katika glasi ya maji baridi na jingine katika glasi ya maji ya moto, bila kukoroga. Katika maji ya moto rangi husambaa haraka zaidi.

Puto na chupa: Vika puto mdomoni mwa chupa tupu ya plastiki, kisha simamisha chupa katika beseni la maji ya moto. Puto litajaa bila mtu kulipuliza, kwa sababu chembechembe za hewa zimeongeza kasi.

Igizo: Wanafunzi wasimame kwa safu, wakishikana mabega na kutikisika, hao ni yabisi. Waachiane mabega na kupishana bila kuachana mbali. Hao ni kimiminika. Mwisho watawanyike uwanja mzima. Hao ni gesi. Mwalimu awakumbushe kuwa idadi yao haikubadilika, wala hakuna aliyenenepa.

Kila jaribio litanguliwe na swali: unadhani nini kitatokea, na kwa nini? Mwanafunzi aliyekwisha kutoa kauli yake huangalia matokeo kwa jicho tofauti.

Elimu inayookoa maisha

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kwa familia nyingi za mjini, hatua ya kwanza ni mtungi wa gesi.

Gesi hiyo, ambayo ni propani na butani, huwa kimiminika ndani ya mtungi kwa sababu ya mgandamizo. Lita moja ya kimiminika hicho ikivuja huweza kutoa takriban lita 250 za gesi. Aidha, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika sakafuni na kwenye mashimo kabla ya kusambaa. Kwa asili haina harufu. Ile inayosikika huongezwa makusudi ili kutoa tahadhari.

Ukisikia harufu hiyo, usiwashe kiberiti, wala usiwashe au kuzima taa, kwa kuwa swichi huweza kutoa cheche. Funga valvu ya mtungi kama unaweza kuifikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, kisha toka nje pamoja na wengine. Mtungi usiwekwe karibu na moto: joto huongeza mgandamizo ndani yake, kama lilivyojaza puto darasani.

Jiko la mkaa nalo lina hatari yake. Likiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Chembechembe zake husambaa chumba kizima, na aliyelala huweza kupoteza maisha bila kuamka.

Swali la Mpemba

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanga, aliweka mchanganyiko wa maziwa na sukari ndani ya friza ukiwa bado wa moto. Aliona umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa ukiwa umepoa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja. Mwaka 2012, chama cha wanakemia cha Uingereza kiliposhindanisha maelezo ya jambo hilo, kilipokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine walitilia shaka kama jambo lenyewe hutokea kweli, na mjadala haujafungwa.

Huo ndio uzito wa mada hii. Yabisi, kimiminika na gesi huonekana kuwa maneno matatu ya kukariri, kumbe ndani yake kuna maswali ambayo hata wanasayansi hawajayamaliza. Mwalimu hawezi kuwa na jibu la kila swali, lakini anaweza kufanya alichofanya Osborne: kulipokea swali, na kwenda kulijaribu.