Kuunga au kukata: mtutu wa gobori mikononi mwa wahunzi wetu

Katika vijitabu kama hiki tunasoma mara nyingi juu ya ngoma, mahari, tambiko na majina ya koo. Chuma tunakisahau, ingawa hapa kwetu Bendera, kati ya milima ya Mitumba na ziwa, jembe, mkuki na bunduki ya mwindaji vyote vilipita mikononi mwa mhunzi. Safari hii tuongee kuhusu fundi wa bunduki za zamani, na hasa kuhusu swali moja ambalo hakuweza kulijibu kwa haraka: mtutu ukiwa na kilema, auunge au aukate?

Tuanze na asili yake. Gobori hazikuzaliwa hapa. Zilivuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na nguo, shanga na chumvi, na mitumbwi ikarudi na pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zinaingia bara kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya, au gumegume za bei ya chini zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika kule Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji. Upande wa kusini, kwa Msiri wa Bunkeya, zilifika pia zile zilizotoka pwani ya Angola, ndefu na nyembamba, zinazoitwa lazarina. Kapteni Jacques alipojenga kituo cha Albertville mwishoni mwa mwaka 1891, yaani mwanzo wa mji wetu wa Kalemie, alikuta pwani ya ziwa imeshajaa bunduki za watu wa Rumaliza.

Sasa, mtu atauliza: wahunzi wetu walijua kuyeyusha mawe ya chuma tangu zamani, ngambo ya ziwa Wafipa walikuwa na tanuru refu kumpita mtu, kwa nini basi wasitengeneze mtutu wao wenyewe? Mti wa bunduki walichonga. Chemchemi ya mtambo walifua, na jogoo la kushika jiwe pia. Wachokwe, kule kusini magharibi, walisifiwa sana kwa kazi hiyo katika karne ya 19, lakini hata wao mitutu walikuwa wanainunua. Sababu si ujinga. Mtutu wa zamani ulikuwa bamba refu la chuma linalokunjwa kuzunguka ufito, kisha linaungwa kwa moto na nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha hata nafasi ya unywele. Liège walikuwa na nyundo zinazosukumwa na maji ya mto. Chuma cha tanuru letu kinabaki na taka ndani yake, na jembe halijali taka kidogo. Mtutu unajali. Pale taka ilipojificha ndipo baruti itatafuta mlango.

Na kumbe mitutu ya biashara yenyewe haikuwa safi! Chuma cha daraja la chini kabisa ndicho kilichotumiwa kwa bunduki za Afrika. Kwa hiyo fundi wa kijijini alikuwa anapokea kilema kilichozaliwa Ulaya, akaambiwa akiponye.

Kisha ikaja sheria. Hati ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 ilikataza kuingiza silaha za moto, hasa zile zenye mifereji ndani ya mtutu, katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Sisi tumo katikati kabisa. Kilichoachiwa wenyeji, tena kwa ruhusa na alama ya serikali, ni gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya biashara. Askari wa Force Publique alikuwa na Albini yenye mifereji, mwanakijiji akabaki na gobori ya babu. Tunaona hapo ndipo swali letu lilipopata uzito. Mtutu mpya haukupatikana kwa urahisi, basi ule wa zamani ulipaswa kuishi: kwa baba, kwa mtoto, kwa mjukuu. Kila mara ulipoharibika, uamuzi wa fundi ulikuwa uamuzi juu ya mali ya ukoo mzima, na pia juu ya mkono wa yule atakayeishika.

Tuseme mwindaji ameleta gobori yake. "Fundi, haipigi sawasawa, na hapa imevimba." Fundi mwenye akili haanzi na tupa. Anafungua skurubu ya nyuma, anasafisha masizi kwa maji ya moto, anauelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia. Mtutu mzima unaonyesha mwanga ulionyooka. Uliovimba unaonyesha kivuli cha duara kama pete. Pete hiyo inasimulia yaliyotokea: risasi haikushindiliwa hadi chini, ikaacha nafasi kati yake na baruti, au tope liliingia mdomoni wakati mwindaji anapanda mlima, naye akapiga bila kuangalia. Mahali pa pete ndipo risasi au tope lilipokuwa.

Kutoka hapo jambo kubwa ni moja tu: kilema kiko wapi? Baruti nyeusi inalipuka nyuma, katika chumba chake, na nguvu yake kubwa inamalizika mapema. Kadiri risasi inavyokwenda mbele, moshi unapata nafasi na msukumo unapungua. Ndiyo maana mitutu hufanywa minene nyuma na myembamba mbele. Ufa au uvimbe ulio karibu na mdomo unaweza kukatwa pamoja na kipande chake, na kinachobaki ni mtutu mzima, mfupi tu. Ufa wa nyuma hauna dawa. Ukikata mbele hujaugusa. Ukiufunga kwa pete ya chuma au kuujaza shaba, umeziba macho yako tu. Ndani bado uko wazi, masizi yanaingia na kula chuma kidogo kidogo, na siku moja mtutu unafunguka karibu na uso wa mpigaji. Ngozi mbichi ya mnyama, ambayo ikikauka inabana kama koleo, ilifaa sana kwa mti uliopasuka. Kwa mtutu ilikuwa pambo.

"Baba, hii ya mbele tutaikata. Kama ingekuwa huku nyuma, ningekurudishia hivi hivi." Jibu kama hilo lilimnyima fundi malipo yake, na kwa maoni yetu ndilo lililomtenganisha fundi na mchezaji.

Kuna tengenezo moja la nyuma lililokubalika: tundu la moto. Katika gumegume tundu hilo hupanuka kwa kuchomwa kila siku, hadi nusu ya nguvu inatokea pembeni. Hapo fundi alilitanua liwe duara safi, akatia kizibo kipya cha chuma au shaba, akatoboa tundu dogo. Gobori nyingi zilibadilishwa namna hiyo hiyo kuwa za fataki. Lakini tundu si ufa. Lina mwisho unaoonekana.

Na kukata kuna bei gani? Watu walidhani bunduki fupi imepoteza uanaume wake. Kwa mtutu usio na mifereji, kupunguza shubiri moja kutoka kwenye lazarina ndefu hakuondoi nguvu kubwa. Kinachoongezeka ni kelele na moto usoni. Hasara ya kweli ni kulenga, kwa sababu ile alama ndogo ya mbele inakwenda na kipande kilichokatwa. Tena mdomo mpya lazima uwe sawa pande zote, la sivyo moshi unatoka upande mmoja kwanza na kuisukuma risasi kando. Hapo mhunzi alitumia tupa na subira.

Bunduki zenye mifereji zilikuwa habari nyingine, na Bendera ilizijua kwa uchungu. Tarehe 29 Juni 1965 kambi ya jeshi iliyolinda kituo cha umeme cha mto Kiymbi ilishambuliwa na wapiganaji wa Simba, Wanyarwanda na Wakuba waliotumwa na Che Guevara, ambaye kwa Kiswahili chetu aliitwa Tatu. Wakuba wanne walikufa. Silaha zao zilikuwa za Kisovieti na za Kichina, zilizovushwa kutoka Kigoma. Katika bunduki za namna hiyo zinazojijaza zenyewe, moshi unachukuliwa kupitia tundu lililo juu ya mtutu ili kusukuma mtambo. Ukikata nyuma ya tundu hilo, umebaki na fimbo inayopiga mara moja tu. Elimu ya gobori haihamishwi huko kwa tupa.

Leo porini bado tunakutana na pupu, zile bunduki za kutengenezwa nyumbani ambazo mitutu yake mara nyingi ni mabomba yaliyofanywa kwa kazi nyingine. Bomba la maji lina mshono, na halikufanywa kwa ajili ya baruti. Tena kumiliki silaha ya moto bila ruhusa kumekatazwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Vijana wanasema wazee nao walikuwa wanaunga na kukata. Ni kweli, lakini walikuwa wanakata chuma kilichokwisha kupimwa, tena waliijua sehemu wasiyoigusa.

Kipimo hicho kinaonekana hadi leo. Mwenye gobori ya ukoo iliyolala darini, kwanza ahakikishe haina baruti ndani, kisha aangalie sehemu ya nyuma ya mtutu. Akiona umbo la yai lenye herufi ELG, huo umejaribiwa Liège kwa baruti ya kuzidi kabla ya kuuzwa. Kama juu ya yai kuna taji, alama hiyo ilipigwa mwaka 1893 au baadaye. Mkato wa mbele hauifuti. Halafu atazame mdomo: kama hakuna alama ya kulengea, na ufito wa kushindilia unapita mtutu kwa urefu, basi kuna fundi aliyewahi kukaa nayo na kuamua. Urefu wake uandikwe, pamoja na jina la mwenyewe wa kwanza kama bado kuna mzee anayelikumbuka.