Kulala zamuni: istilahi ya kosa la kiini

Simu ya Android iliyo mkononi mwa mwendeshaji bodaboda au wakala wa M-Pesa mjini Rongo inaendeshwa na kiini cha Linux. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu na kupokezanisha programu kwenye kichakataji. Wanaokiandika wana kosa moja wanalolihofu sana. Jina lake la Kiingereza likitafsiriwa neno kwa neno huwa "kulala katika muktadha wa atomu". Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo akikutana na maneno hayo atawaza kemia au bomu, wala hatajua aanze kutafuta wapi. Napendekeza tuliite kulala zamuni.

Tuanze na kulala. Ndani ya kiini, kulala si uvivu. Kazi inayongoja data kutoka diski, au kumbukumbu ipatikane, hujiweka kando ili mratibu wa kiini akabidhi kichakataji kwa kazi nyingine. Bila utaratibu huo simu ingekwama kila inaposoma faili.

Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo kukabidhi ni marufuku. Mojawapo ni pale kazi inaposhika kufuli la kuzunguka. Vichakataji vingine vinavyolihitaji kufuli hilo havilali. Huzunguka palepale vikiuliza kama limeachiwa. Nyingine ni wakati wa kushughulikia katizo la kifaa, ambapo hakuna kazi halali ya kulazwa. Wataalamu waliuita wakati huo wa atomu kwa maana ya kale ya Kigiriki, kisichokatika. Lakini hata "usiokatizwa" hautoshi, kwa sababu mwenye kufuli anaweza kukatizwa na kifaa kisha akaendelea. Asichoruhusiwa ni kuachia zamu yake, na hapo ndipo linapotoka neno zamuni. Akilala, huwa kama mlinzi wa lango anayesinzia na ufunguo mfukoni huku malori ya miwa yakipanga foleni nje. Kazi nyingine ikipewa kichakataji hichohicho na kulitaka kufuli lile, itazunguka bila kikomo, mwenye kufuli asipate nafasi ya kuamka. Simu inaganda.

Ujanja wa kosa hili ni kwamba halijitokezi kila mara. Kiendeshi cha kifaa kikiomba kumbukumbu kwa alama ya GFP_KERNEL, hupewa papo hapo ikiwa ipo ya kutosha. Hulala tu inapokuwa haba. Kwa hiyo msimbo hufaulu kwenye kompyuta ya maabara, ukaja kuangusha simu ya bei nafuu iliyofunguliwa programu kumi.

Dawa ya kulifichua ni kutosubiri usingizi wenyewe. Utendaji mwingi unaoweza kulala huwekewa mlangoni ukaguzi uitwao might_sleep. Kiini kikijengwa kwa chaguo la CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, ukaguzi huo husoma kihesabu cha zamu, ambacho hupanda kufuli la kuzunguka linaposhikwa na kushuka linapoachiwa. Kisipokuwa sifuri, onyo huandikwa kwenye logi ya mfumo likitaja faili, mstari, jina la kazi na mlolongo wa miito, hata kama safari hiyo hakuna aliyelala. Msomaji aufuate mlolongo kutoka juu, aupite ukaguzi na mwito ulioukwaza, ashuke hadi kwenye utendaji ulioshika kufuli. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Marekebisho ni machache. Omba kumbukumbu kabla ya kushika kufuli. Ukishindwa, tumia GFP_ATOMIC, ambayo hailali lakini inaweza kurudi mikono mitupu, hivyo jibu lake lazima likaguliwe. Ikiwa msimbo haupiti kamwe kwenye katizo, tumia mutex, kufuli ambalo wanaolingoja wanaruhusiwa kulala. Kazi ndefu iahirishwe kwenye foleni ya kazi, itekelezwe baadaye.

Mwaka 2024 Linux ilipokea rasmi mfumo wa PREEMPT_RT, ambao hugeuza makufuli mengi ya kuzunguka kuwa makufuli ya kulala. Kufuli lililokuwa hatari jana huenda leo likawa salama ukichagua mfumo huo, ilhali makufuli yasiyogeuzwa, yaitwayo ghafi, yamebaki na sheria ya zamani. Anayekariri orodha ya makufuli atapotea. Anayejiuliza kama zamu inaweza kuachiwa hatapotea. Istilahi ya zamu pia inazaa: kushika zamu, kuachia zamu, kihesabu cha zamu, ukaguzi wa zamu. "Muktadha wa atomu" hauna wana.