Dunia Inakula Nini kwa Wiki, na Sisi Je?

Mwezi uliopita nilimpeleka mamangu kliniki ya sukari. Muuguzi akamuuliza kwa upole, "Bi mkubwa, huko nyumbani kwa wiki moja mnakula nini, na kiasi gani?" Mama akamjibu, "Mwanangu, twala kile Mungu alichotujaalia." Muuguzi akacheka, kisha akanigeukia mimi. Nikaduwaa. Mimi ndiye nitoaye pesa za sokoni, na hesabu ya pesa ninayo. Lakini tumekula nini, na kiasi gani, sikuwa najua.

Swali lile lilinirudisha kwenye kitabu kimoja ambacho kila mwenye familia angefaa kukijua. Leo nawaeleza yaliyomo, kisha niwaonyeshe meza ya nyumbani kwangu bila kuficha.

Familia 30, nchi 24

Mpiga picha Mmarekani Peter Menzel na mkewe, mwandishi Faith D'Aluisio, walizunguka nchi 24 wakatembelea familia 30. Kila familia iliorodhesha chakula chake cha wiki moja. Chakula chote kikapangwa mbele yao, mezani au chini sakafuni, wakapigwa picha pamoja nacho. Kitabu chao, Hungry Planet, kilitoka mwaka 2005. Kenya haimo, lakini ndugu zetu Waislamu wa Misri, Mali, Kuwait na Chad wamo.

Haya ni matumizi ya wiki moja kwa baadhi ya familia hizo, kwa bei za wakati huo:

- Ujerumani, mji wa Bargteheide, watu 4: dola 500.07
- Marekani, North Carolina, watu 4: dola 341.98
- Kuwait, mjini Kuwait: dola 221.45
- Misri, Cairo: dola 68.53
- Ecuador, kijiji cha Tingo, watu 9: dola 31.55
- Mali, kijiji cha Kouakourou, watu 15: dola 26.39
- Bhutan, kijiji cha Shingkhey, watu 13: dola 5.03
- Chad, kambi ya Breidjing, mama na watoto 5 waliokimbia vita vya Darfur: dola 1.23

Pesa peke yake haisemi yote

Ukisoma orodha hiyo haraka utadhani mwenye dola 5 ana njaa na mwenye dola 500 ameshiba. Sivyo kabisa. Wale wa Bhutan ni wakulima. Mchele wao mwekundu, mboga na pilipili vyatoka shambani kwao, na dola 5 ni za vile wasivyovilima. Yule mama wa Chad naye dola 1.23 ni pesa iliyotoka mfukoni mwake tu. Chakula kilichowaweka hai kilikuwa mgao wa msaada, zaidi nafaka. Familia mbili zote zatumia pesa kidogo, lakini moja ina shamba na nyingine yangoja lori.

Greenland nako kuna familia ya mwindaji. Nyama ya sili wanaipata kwa bunduki, huku vitu vya dukani vikija kutoka mbali kwa bei ya juu.

Kipimo kizuri zaidi alikigundua mtaalamu wa takwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, mwaka 1857. Alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyoishia kwenye chakula. Kanuni hiyo yatumika hadi leo. Jiulize: katika kila shilingi mia uipatayo, ngapi zaenda tumboni? Ikiwa ni 60 au 70, basi bei ya unga ikipanda kidogo tu, karo ya shule ndiyo inayotikisika.

Kilichomo mezani

Ukiziangalia zile picha, rangi zaeleza mengi. Cairo meza imejaa mboga na matunda mabichi, vitu ambavyo mama wa Kiswahili angevitambua mara moja. Mali ni magunia ya nafaka, na familia ya wake wawili inayokula pamoja kwenye sinia kama tulivyolelewa sisi. North Carolina kumejaa pakiti, makopo na piza.

Picha iliyonishtua ni ya Mexico, mjini Cuernavaca. Matunda yapo tele, lakini nyuma ya familia zimepangwa chupa 12 za soda, kila moja lita 2. Hizo ni lita 24 kwa familia moja kwa wiki moja. Ugonjwa wa sukari uliielemea nchi ile hadi Januari 2014 serikali ikaanza kutoza kodi ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari ya kuongezwa.

Wataalamu wa lishe huyaita haya mabadiliko ya lishe. Watu huacha nafaka zao, kunde na mboga, wakahamia sukari, mafuta na vya pakiti. Mara nyingi maradhi hufika kabla utajiri haujafika.

Meza ya nyumbani kwangu

Basi nikachukua daftari. Kwetu tuko 7: mimi, mke wangu, mama na watoto wanne. Wiki nzima tuliandika kila kilichoingia jikoni:

- Mchele kilo 7, unga wa ngano kilo 6, unga wa sima kilo 4
- Samaki kilo 3, nyama kilo 1
- Mbaazi na ndengu kilo 2, nazi 10
- Mafuta lita 3
- Mboga na matunda, vyote pamoja, kilo 8
- Sukari kilo 3, soda lita 4

Nikaanza hesabu. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na muhogo na viazi havihesabiwi humo. Kwa watu 7, hizo ni karibu kilo 20 kwa wiki. Sisi tulikula 8.

Sukari nayo shirika hilo lashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Kilo 3 kwa watu 7 ni gramu 61 kwa kila mtu kila siku, zaidi ya vijiko 15 vya chai. Hapo soda sijaihesabu, na watoto walistahili kupata chini ya mtu mzima.

Nilipomsomea mama, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sisi tukikua, asubuhi ni mkate wa mofa au muhogo wa nazi. Mahamri yalikuwa ya Ijumaa." Sasa kwetu mahamri ni ya kila siku, na chai ya maziwa ya vijiko vinne. Hivyo vijiko vinne, lazima nikiri, ni vyangu.

Mke wangu naye hakukubali lawama zote zimwangukie mwenye jiko. "Wewe waona sukari, mimi naona bei," aliniambia. "Pakiti ya biskuti yanyamazisha watoto wanne. Machungwa ya pesa hiyo hiyo hayafiki wawili." Ana haki. Ndiyo maana tulianzia kwenye vile vinavyopunguza matumizi: soda imetoka, sukari imepungua, na pesa iliyobaki yanunua mchicha, mapapai na ndizi.

Fanyeni na nyinyi

Chagueni wiki ya kawaida, isiwe ya harusi wala ya Ramadhani. Andikeni kila kitu, hata kile watoto wanunuacho kwa muuza duka na viazi karai vya jioni. Mwisho gawanyeni kwa idadi ya watu, kisha kwa siku 7. Sukari, mafuta, mboga na matunda: vinne hivyo vyatosha kukuonyesha mnakoelekea.

Wazee wa Okinawa kule Japani wana desturi ya kuacha kula tumbo likiwa limejaa sehemu 8 kati ya 10. Sisi tulifunzwa na Mtume wetu (S.A.W.) tuligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Mafundisho tunayo siku nyingi. Kilichokosekana kwangu ni kupima.

Wiki hii tumenunua sukari kilo moja na nusu. Mama arudi kliniki mwezi ujao, na safari hii muuguzi akiuliza, daftari liko mfukoni mwangu.