Mtungi wa chuma una uzito wa aina mbili

Karakana za kuchomelea za mitaa ya Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi, hazikosi mtungi wa oksijeni. Lakini ni nani anayekumbuka kwamba mtungi wa mpiga mbizi umetoka katika ukoo huohuo? Miaka zaidi ya 80 imepita tangu chuma cha wachomeleaji kiingie majini, na mitungi ya zama zile sasa huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kisa kinaanza na Émile Gagnan, mhandisi wa Air Liquide, kampuni ya gesi iliyoanzishwa Paris mwaka 1902. Wajerumani walipoikalia Ufaransa, petroli iliadimika, magari yakaendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa, naye akabuni vali ya kuipima gesi hiyo. Desemba 1942 akajiwa na Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini aliyeoa binti wa mkurugenzi wa kampuni hiyo. Alitaka vali kama ile impimie hewa ya kupumua akiwa chini ya maji.

Waliijaribu Januari 1943 katika mto Marne. Kama anavyosimulia Cousteau katika kitabu chake cha 1953, *Le Monde du silence*, alipoogelea kifudifudi hewa ilikuja vizuri. Aliposimama wima, hewa ikamiminika nje bure. Alipoinamisha kichwa chini, ikakataa kuja. Wakarudi Paris wamenuna. Garini, wakibishana, wakagundua kosa: tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kuliko lile la kuingizia hewa. Wakayaweka usawa mmoja, kazi ikakamilika. Kiangazi Cousteau alizama baharini huko Bandol, kusini mwa Ufaransa, akibeba mitungi mitatu, na baadaye dunia ikamjua kwa filamu. Jina la Gagnan, fundi wa vali, halitajwi sana. Mafundi wetu hawatashangaa.

Marekani ndiko ulikotawala mtungi mmoja wa chuma, katika miaka ya 1950 na 1960, ulioitwa 72 kwa futi za ujazo za hewa. Kwa hakika ulibeba 71.2, yaani lita elfu mbili hivi, kwa mgandamizo wa baa 170. Ukiwa mtupu nchi kavu ulikuwa na kilo 13 na ushei, lakini majini karibu uzito wote ulipotea, maana ulisukuma maji ya uzito uleule. Ukijazwa ulizama, kwani hewa nayo ina uzito: lita elfu mbili ni kilo mbili na nusu hivi.

Miaka ya 1970 ikaja aluminiamu, na hapo ubishi ukaanza. Metali hii ni nyepesi, ila ni laini, kwa hiyo kuta zake hufanywa nene. Mtungi wa aluminiamu uitwao 80 una kilo 14, mzito kuliko wa chuma. Lakini ukiisha hewa huelea kwa kilo mbili, na mzamiaji hulazimika kuvaa risasi zaidi ili asipande juu. Wenye mitungi ya zamani walicheka, mpaka walipotajiwa kutu. Maji yakibaki ndani ya chuma, kutu hula oksijeni, na mtungi uliofungwa miezi mingi waweza kumpa mtu hewa isiyoweza kumweka hai. Aluminiamu nayo ilikuwa na aibu yake: aina ya 6351 ilipasuka shingoni, na kampuni ya Luxfer ikaiacha nchini Marekani mwaka 1988.

Siku hizi kuna vyuma vipya vinavyofikia baa 300. Vali bado ni za shaba na zinki, madini ambayo Kipushi, kilomita 30 kutoka hapa, imeyatoa yote mawili. Hata hivyo shuleni kwetu kanuni ya Arkimede, ile ya uzito unaopotea majini, bado inafundishwa kwa chaki tu.

Anayetoka baharini kuja kuzamia Tanganyika na mtungi uleule ana hesabu ya kufanya: maji ya ziwa si ya chumvi, hayanyanyui sana, na mtu wa kilo 80 hupunguza risasi kwa kilo mbili na zaidi.