Redio ya mzee, sabufa ya mpwa

Wadau, juzi mpwa wangu wa Bariadi kanipigia simu. Kamaliza kidato cha nne, kauza pamba ya nusu eka aliyogawiwa na baba yake, sasa anataka sabufa. "Mjomba, nichukue ipi?" Nikamwambia subiri. Nikampigia mzee wangu, babu yake.

Mzee alinunua redio yake ya kwanza mwaka 1975, kwa pesa ya pamba pia. Mkoa wa Simiyu haukuwepo (umemegwa Shinyanga mwaka 2012), na vyama vya ushirika vilikuwa vimebakiza mwaka mmoja serikali ivivunje. Ilikuwa National, bidhaa ya kiwanda cha Matsushita pale Dar, kilichoanza 1966. Kuumiza kichwa kwa nini? Stesheni ilikuwa RTD tu. Cha kuhangaikia kilikuwa betri, ambazo zikichoka unazianika juani kama dagaa.

Tatizo lilikuwa baba yake. Yeye alitaka pesa ile inunue ng'ombe. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni benki, ni heshima, redio haizai! Hawakusemezana miezi kadhaa. Mpaka jioni moja, kwenye matangazo ya vifo, likasomwa jina la kaka yake mkubwa aliyekuwa akiishi Tabora. Babu akawahi mazishi. Aliporudi hakusema kitu, ila saa mbili usiku akavuta kigoda karibu na redio. Ikawa hivyo kila siku.

Baadaye uhaba wa miaka ya themanini mwanzoni, halafu biashara ikalegezwa 1984 na redio kaseti zikaanza kuonekana tena. Mzee anasema hapo ndipo alipohama. RTD ilitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini kwenye kaseti ungeweza kumsikia manju akiimba Kisukuma, ukarudisha mkanda kwa kalamu ya Bic kuokoa betri. Radio One ilipokuja 1994, yeye tayari alikuwa na maboksi ya kaseti.

Basi nikamuuliza, kijana achukue sabufa gani? Hakuuliza wati wala bluetooth. Kauliza kama inashika TBC.

Nikafikisha ujumbe. Mpwa kacheka: "Mjomba, mimi naweka flashi tu." Baada ya nusu saa katuma picha kutoka dukani, kidole kimeelekezwa kwenye kitufe kilichoandikwa FM.